Mwanangu kapata 4 kwa 10: kiima na yambwa za Kiingereza zajuliwa vipi?

FundiWaWete (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mimi ni seremala, niko Wete. Kiingereza changu ni cha kusomea mikebe ya vanishi, hakizidi hapo. Mwanangu yuko Form One. Jana karudi skuli, kaliweka daftari juu ya meza, kaenda zake kuosha vyombo bila ya kusema neno. Nikajua kuna jambo. Nafungua: 4 kwa 10.

Kazi ilikuwa kupiga mstari mmoja chini ya kiima na miwili chini ya yambwa (sisi zamani tukiiita shamirisho). Nikakaa naye. Nikamwambia, mwanangu, kiima ni yule anayetenda, yambwa ni yule anayetendwa, hapa hapana falsafa. Akanitazama. "Baba, na mimi ndivyo nilivyofanya."

Nikalisoma tena daftari. Kweli, ndivyo alivyofanya. Basi nawaletea zile sita alizokosa:

1. "The octopus was caught by Asha." Kasema kiima ni Asha. Mimi pia ningesema Asha, pweza hajavua mtu.
2. "There are three boats in the harbour." Kiima kaandika "there", yambwa "three boats". Mwalimu kakata zote mbili.
3. "The smell of cloves fills the house." Kiima "cloves". Kosa.
4. "My aunt gave the child a mango." Yambwa kapiga mistari "the child" peke yake. Kosa.
5. "Close the door." Kiima "the door", maana hamna mwengine humo. Kosa.
6. "His brother became a captain." Yambwa "a captain". Kosa.

Anayejua anifahamishe pole pole, kama unamfahamisha mtu aliyetoka kupiga randa mchana kutwa.

KashataMoto

Fundi, hiyo ya tano kiima ni yule anayeamrisha mlango ufungwe na yeye kakaa hatua mbili tu kutoka mlangoni 😂

Mtembeza_Wageni

Mimi Kiingereza sikukisoma, nilikiokota Mji Mkongwe nikitembeza wageni, kwa hivyo msiniulize majina ya nahau. Lakini kuna kitu nilikinasa kwa Waingereza. Hawawezi kumaliza sentensi bila ya kuitia mkia wa kuuliza. "The sea is warm, isn't it?" "Your captain can swim, can't he?" Mwanzo nikidhani ni adabu tu. Baadaye nikaona ule mkia haurukii ovyo, kila mara unamrudia mtu mmoja.

Chukua ile ya tatu. Itie mkia: "The smell of cloves fills the house, doesn't it?" Umesikia "it"? Ni moja. Ingekuwa karafuu ndizo zenye sentensi, wangesema "don't they". Basi mwenye sentensi ni harufu.

Na ya kwanza: "The octopus was caught by Asha, wasn't it?" Hakuna Mwingereza atakayesema "wasn't she" hapo. Asha kakaa mwisho, hana habari na mkia.

FundiWaWete

Hii ya mkia nimeipenda wallahi. Nimemwita mtoto kaijaribu papo hapo kwenye ya sita: "His brother became a captain, didn't he?" He ni brother. Sawa. Lakini captain mbona si yambwa?

Maalim_Mstaafu

Waalaykum salaam Fundi. Nimesomesha Kiingereza Unguja na Pemba mpaka nikastaafu, na nataka nikuondoe wasiwasi kwanza: kosa si la mtoto. Ni la hiyo kanuni ya "anayetenda", ambayo mimi mwenyewe niliisomesha miaka ya mwanzo kabla sijaona inavyowaponza watoto. Kwenye "Asha caught the octopus" inakwenda vizuri. Nenda nayo sasa kwenye "The roof leaks". Paa limetenda nini masikini? "My uncle received a letter": mjomba kakaa kitako, barua imemjia. "Sharks frighten me" na "I fear sharks": khofu ni ile ile na papa ni wale wale, lakini viima ni viwili tofauti.

Kiima ni nafasi ndani ya sentensi. Nani kamvua nani, hilo ni jambo la huko baharini.

Na hili mwanao analijua tayari, kwa Kiswahili. Mwambie aseme: Pweza alikamatwa na Asha. Sasa pweza wawe watano: Pweza watano walikamatwa na Asha. Kitenzi kimegeuka. Rudisha pweza mmoja, halafu umuongezee Asha mwenzake: Pweza alikamatwa na Asha na Mwanakhamis. Kitenzi kimetikisika? Hata kidogo. Ile a- ya "alikamatwa" ni ya pweza, Asha akija na kijiji kizima. Haya, Kiingereza vile vile: "Five octopuses were caught by Asha", "The octopus was caught by Asha and Mwanakhamis". Anayebadilisha was kuwa were ni pweza.

Kwenye ya tatu, ishara iko kwenye "fills". Ile s ya mwisho imeletwa na kitu kimoja, harufu. Karafuu zingekuwa kiima tungeandika "fill". Na unajua kwa nini mtoto hakushtuka? Kwa Kiswahili harufu na karafuu zote ni ngeli moja. "Harufu ya karafuu imejaa nyumba nzima": ile i- ingeweza kuwa ya yeyote kati ya hizo mbili, sikio halipigi kengele. Mwalimu kachagua mfano mgumu, na sidhani kama alikusudia.

Sasa wewe ni seremala, nikuelezee kiseremala. Kiswahili kimepigilia kiima na yambwa kwenye kitenzi chenyewe. "Alimwona": a- kaona, -mw- kaonwa, misumari miwili, unaweza kukibeba kitenzi ukenda nacho popote. Ukisema "Juma alimwona Asha" au "Asha, Juma alimwona", hupotezi kitu. Kiingereza hakina misumari. Vipande vimepangwa tu sakafuni, cha kushoto, cha kati, cha kulia. "The dog bit the boy." Vibadilishe nafasi: "The boy bit the dog", umepata habari ya gazetini. Hakuna herufi iliyoongezwa wala kupunguzwa.

Kwa hivyo mwambie asianze kumtafuta mtu. Aanze na kitenzi, akizungushie duara. Halafu atazame kushoto kwake: ni nani au nini kinachokifanya kitenzi kiwe na s au kikose, kiwe was au were? Hicho ni kiima, na achukue neno kuu la fungu, asichukue neno lililo karibu. Kisha atazame kulia. Akikuta nomino isiyotanguliwa na kihusishi (vijineno kama by, in, to), aigeuze sentensi kwa kauli ya kutendwa. Ikikubali, ile nomino ni yambwa. "The house is filled by the smell of cloves", imekubali, "the house" ni yambwa.

Ya sita ijaribu hivyo: "A captain was become by his brother." Mwingereza atakuuliza kama umepigwa na jua. Imekataa kwa sababu nahodha na yule kaka ni mtu mmoja. Hakuna aliyetendwa. Vitenzi vya namna hiyo ni be, become, seem, remain na wenzao. Kinachofuata baada yao ni kijalizo, kinamwelezea kiima.

BintiWaChuoni

Maalim kanitangulia, lakini kwa waliosoma nahau ya Kiarabu chuoni, yaani madrasa, hii ina mlango mwepesi zaidi.

Fundi, muulize mtoto kama kashafika kwenye naibu faaili. Kauli ya kutendwa ikija, faaili (mtenda) anaondoka na mafuuli (mtendwa) anapanda kukaa pahala pake, anavaa mpaka dhumma yake, ile alama ya u. Kwa nini aliitwa naibu? Kwa sababu kakalia kiti cha mkubwa. Pweza wa sentensi ya kwanza ni naibu faaili, basi. Kwa Kiingereza tunamwita kiima na yameisha.

Na ya sita ndiyo tamu kabisa. Hiyo ni kaana na dada zake, yaani "kuwa" ya Kiarabu na vitenzi wenzake! "Asbaha akhuhu rubbaanan": kaka yake amekuwa nahodha. Lile neno la mwisho limevaa fataha (alama ya a) kama mafuuli, na kila mwaka darasani kuna mtu analiita mafuuli, na kila mwaka maalim wetu anashika kichwa. Si mafuuli, ni khabari ya kaana, ndicho kile kijalizo cha Maalim. Mtoto wako kaanguka kwenye shimo wanaloangukia wanafunzi wa nahau kila mwaka.

FundiWaWete

Nimemsomea. Kasema "aaah" ile ndefu. Naona chuoni anasikiliza kuliko skuli. Lakini kaniuliza jambo nikakwama: kama Kiarabu kina dhumma na fataha, Kiingereza mbona hakina alama yoyote? Wanajuana vipi?

Maalim_Mstaafu

Swali la mtoto huyo lina thamani kuliko zile alama sita.

Kilikuwa nazo. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na irabu, yaani alama za kumtenga kiima na yambwa, karibu na hiyo ya Kiarabu. Mbwa akiwa kiima waliandika "se hund", akiwa yambwa "thone hund". Jina limebaki lile lile, kilichogeuka ni kile kijineno cha mbele. Kwa karne kadhaa zile alama zililika, se na thone zikaishia kuwa "the" moja kwa wote, na nafasi ya neno ikabeba mzigo wote peke yake.

Mabaki yapo kwenye viwakilishi: I na me, he na him, she na her, we na us, they na them, who na whom. Hizo ndizo fataha zilizosalia. "You" unaiona haina sura mbili, lakini zamani ilikuwa nazo. Kiima kilikuwa "ye", na "you" ilikuwa ya yambwa. Ye akafa, you akarithi viti vyote viwili.

Hapo mtoto anapata jaribio jengine rahisi. Atoe jina, atie kiwakilishi. "The smell of cloves fills the house" inakuwa "It fills it", haimsaidii sana. Lakini "Asha saw the fishermen": "She saw them". Penye she ni kiima, penye them ni yambwa. Na anaposhindwa kuchagua baina ya "Ali and I" na "Ali and me", amtoe Ali kidogo nje. "The captain called Ali and me." Mtoe Ali: "The captain called me." Nani atasema "called I"?

KashataMoto

Ali atolewe nje afunge na mlango 😂

Lakini kweli maalim, hiyo ya 5 hamjaijibu.

Maalim_Mstaafu

Hiyo fupi. Kiima ni "you" iliyofichika. Kwa Kiswahili "Funga mlango" pia haina kiambishi cha nafsi, ila wakiwa wengi anachungulia: "Fungeni mlango". Kwa Kiingereza mchunguze kwa "Close it yourself", au kwa mkia wa ndugu yetu wa Mji Mkongwe: "Close the door, will you?" Mlango ni yambwa. Mtoto alitafuta kiima kilichoandikwa, akakuta mlango peke yake, akaukamata.

MkaaziWaJambiani

Mimi nina ugomvi na mwalimu wa skuli kwenye ya pili. Nasema mtoto kapata nusu na kaonewa. "There are three boats in the harbour." Tia mkia: "aren't there?" Iulize: "Are there three boats?" Kitenzi kimeirukia "there" kama kinavyomrukia kiima chochote. Kwa majaribio yenu wenyewe hapa juu, kiima ni "there". Mwalimu kakata kwa nini?

Mtembeza_Wageni

Yakhe kweli, hata mimi nimeona mkia umeangukia there.

BintiWaChuoni

Lakini jaribio la maalim la was/were linasema kinyume. "There is one boat, there are three boats." Anayebadilisha kitenzi ni boats. Sasa tumfuate nani?

Maalim_Mstaafu

Mmefika mahali ambapo vitabu navyo havisemi kauli moja, na mimi nimeshagombana na wenzangu wa ofisi ya walimu kwa ajili ya sentensi hii mpaka chai ikapoa.

Tazameni kwanza Kiswahili. "Kuna boti moja gatini." "Kuna boti tatu gatini." Kitenzi hakikugeuka, kwa sababu ile ku- ni ya mahali. Sisi tunakipa mahali cheo cha kiima bila ya haya: kisimani mna chura, hapa pana watu. Mwingereza naye katia kijineno cha mahali, "there", pale mbele kwenye kiti cha kiima, na kwa mkia na kwa swali anakiheshimu kama kiima. Ila kitenzi chake kimebaki na moyo kwa boti. Kiti kakalia mmoja, posho anachukua mwengine. Vitabu vingi vya skuli vinamfuata mchukua posho, vinasema kiima ni "three boats". Wanaisimu wengi wanamfuata mwenye kiti.

Mtihani ni wa skuli, kwa hivyo mwanao aandike "three boats". Lakini asiambiwe kuwa alikuwa mjinga. Pale pengine alipoita "three boats" yambwa, hapo sina la kumtetea. Kitenzi be hakina yambwa.

Na tukiwa hapa hapa: watoto wetu wanaandika "There is three boats" kwa sababu masikio yao yamezoea "kuna" isiyogeuka. Ukimwona anaandika hivyo, usimpigie kelele, mkumbushe kuwa huku kitenzi kinahesabu.

FundiWaWete

Imebaki embe.

Mtembeza_Wageni

Embe wacha niijaribu mimi. "My aunt gave the child a mango." Kilichotoka mkononi ni embe. Mtoto kapokea tu. Ukitaka kujua nani ni nani, mpeleke mtoto mwisho: "gave a mango to the child". Anayekubali kutanguliwa na "to" ni mpokeaji. Nimepatia?

(Ila hao Waingereza na "aunt" yao moja. Shangazi, mama mkubwa, mama mdogo, wote kapu moja. Mgeni akiniambia "my aunt" mimi sijui nimsalimieje.)

Maalim_Mstaafu

Umepatia sana. "A mango" ni yambwa tendwa, "the child" ni yambwa tendewa, na kwa Kiingereza mtendewa asiye na "to" hukaa mbele ya kile kitu. Fundi, ujue kwa nini mwanao alipiga mistari "the child" peke yake. Kiswahili ni "Shangazi alimpa mtoto embe". Ile -m- ni ya mtoto. Embe halina msumari kwenye kitenzi. Kwa Kiswahili mwenye cheo pale ni mtoto, akahamisha cheo kile kile kwenye Kiingereza.

Misumari hiyo hiyo ndiyo inayowatia kwenye "My mother she cooks fish" na "The mango which I ate it". "Mama anapika": a- ikatafsiriwa she. "Embe nililolila": -li- ya yambwa ikatafsiriwa it. Na aliyesoma Kiarabu anakosea mara mbili, maana Kiarabu nacho kinarudisha dhamiri, yaani kiwakilishi, hapo. Kiingereza kinataka kila kiti kikaliwe na mmoja. Mama akishakaa, she abaki nje.

Mtembeza_Wageni

Maalim umenikumbusha aibu yangu. Mgeni alipoteza begi, na mlinzi wa hoteli moja akaniandikia ujumbe: "Mgeni aliyemwona dereva yuko mapokezi." Nikenda mapokezi, nikamkuta bibi mmoja wa makamo, nikamtambulisha kwa wenzangu: "This is the guest who saw the driver." Tukamkalisha, maji baridi, maswali. Dereva alikuwa mrefu? Kavaa shati gani? Gari rangi gani? Bibi wa watu anatutumbulia macho, anasema hajaona dereva yeyote tangu asubuhi.

Baada ya nusu saa ndipo mlinzi anatokea. Kumbe dereva ndiye aliyemwona mgeni! Alimwona akiacha begi ufukweni. Nilitakiwa niseme "the guest whom the driver saw". Na ule ujumbe wa Kiswahili nimeusoma mara kumi, bado haujaniambia nani kamwona nani.

BintiWaChuoni

Subhanallah, kweli! "Mgeni aliyemwona dereva." A- inaweza kuwa ya mgeni, inaweza kuwa ya dereva. Sijawahi kuliona hili maisha yangu yote, na ninasema Kiswahili tangu kuzaliwa.

MkaaziWaJambiani

Kwa hiyo ile misumari ya maalim imepinda hapa 😅

Maalim_Mstaafu

Imepinda, nakiri. Wote wawili ni watu, ngeli moja, na kirejeshi kinaruhusu kiima kije nyuma ya kitenzi. Angekuwa mgeni na paka wawili, "mgeni waliyemwona paka", tungejua mara moja walioona ni paka. Kiingereza hapo kimetuzidi: "who saw the driver", kitenzi kimekaa kabla ya dereva, "who the driver saw", dereva kakaa kabla ya kitenzi. Hata ukiitupa ile m ya whom, kama wanavyofanya wengi sasa, nafasi inatosha.

FundiWaWete

Maalim, Binti, Mtembeza, nyote, Mungu awalipe. Leo karudi na masahihisho. Mwalimu kampa tiki zote, na ya pili kaandika "three boats" huku kanuna, anasema yeye bado yuko upande wa wenye kiti.

Mwalimu kawaambia kila mmoja atunge sentensi yake yenye kiima na yambwa mbili. Wangu hakuniomba msaada. Kaandika:

"My father asked strangers my question."

Mstari mmoja chini ya "My father", miwili chini ya "strangers", miwili chini ya "my question". Nimemuuliza strangers ni akina nani, kasema "wale wa kwenye simu yako".

Maalim_Mstaafu

Sahihi zote tatu. Mwambie strangers wameiona.